Kilomita za Matairi Mapya

Vumbi liliwajia likiwa limesimama wima kama ukuta, jekundu chini na jeusi juu, na kabla mshonaji hajamaliza kupandisha kioo cha upande wake, mbingu, uwanda na boneti ya gari vilikuwa vimeshatoweka. Kilichobaki duniani kilikuwa humo ndani tu: usukani, harufu ya dizeli, mchanga ukikwaruza bati, na baba mkwe wake akiwa amenyoosha shingo mbele kama mtu anayesikiliza hodi.

"Tusimame, baba?" aliuliza. Ukiacha salamu, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu waondoke alfajiri.

"Tusimame tufukiwe?" Mzee aligonga kwa ukucha kioo cha saa ya kilomita. "Hapa macho hayana kazi. Huyu ndiye anayeona. Kutoka ule mwamba uliopasuka mpaka kivukoni ni kilomita sabini na mbili. Mume wako akiwa anatambaa zilikuwa sabini na mbili, na leo ni sabini na mbili."

Gereji nzima ilimwita Mzee Kilomita. Alikuwa akipeleka mafuta na vyakula kwenye kambi ya chumvi, ng'ambo ya uwanda usiokuwa na mti wala nguzo, na njia zake zote alizihifadhi kichwani kwa tarakimu. Alipofika kwenye mwamba uliopasuka alirudisha saa kwenye sufuri. Kuanzia hapo alinyoosha tu, akiambaa na korongo kubwa kavu lililokuwa kushoto kwake, mpaka saa iandike sabini na mbili. Hapo ndipo kingo za korongo zilipolala na gari likaweza kuvuka. Penye kivuko palikuwa na mapipa mawili yaliyopakwa chokaa, na kando ya mapipa kulikuwa na kisima. Kwingine kote kingo zilikuwa zimekatika wima.

Mshonaji alikuwa akienda huko kambini kuziba maturubai yaliyochanika ya kufunikia chumvi. Kazi yake ilikuwa ni viti vya magari na maturubai, kwenye kona ya gereji ya mumewe, na mumewe fundi alikuwa ametangulia kambini kutengeneza jenereta. Hivyo kwa mara ya kwanza tangu aolewe alijikuta peke yake na baba mkwe. Nyumbani, neno lake kwa mzee lilipitia kwa mama mkwe, na jibu la mzee lilirudi kwa njia ile ile. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Walistahiana mpaka wakachoka.

"Lakini leo linakwenda!" mzee alisema, akipaza sauti juu ya upepo. "Umeona tulivyofika mwambani mapema? Kama limekunywa kahawa! Mumeo kalitia mapafu."

Gari lilikuwa kuukuu, limemzidi mshonaji umri. Fundi alikuwa amelifanyia kazi kwa majuma mengi baba yake asiendelee kusukumana na mchanga uzeeni: aliliwekea matairi makubwa, akalifungia turbo ya kulisukumia injini hewa, na akabadilisha gia za mwendo wa kutambaa. Hii ilikuwa safari ya kwanza tangu lishuke kwenye jeki.

Saa iliandika sabini na moja. Mzee alipunguza mwendo. Ilipoandika sabini na mbili alipinda kushoto, taratibu, kwa utulivu wa mtu anayeingia kwake.

Ardhi haikuwepo.

Pua ya gari ilizama. Mshonaji aliona vumbi lile lile jekundu, kisha ukuta wa udongo ukipanda upande wa dirisha lake, kisha gari likaserereka na kugonga kitu kigumu kwa kishindo kilichomrusha kwenye dashibodi. Nyuma, minyororo ilikatika. Mapipa yaligongana, bati likachanika, kitu kizito kikabingirika juu ya paa na kuanguka mbele. Halafu gari likatua kwa magurudumu yake manne, likayumba, likatulia.

Alisikia maji yakimwagika. Alidhani ni damu yake, kwa kuwa damu ilikuwa ikimtiririka kutoka juu ya jicho. Yalikuwa maji kweli.

"Baba?"

"Niko," sauti ilitoka chini ya usukani. "Mguu ndio sijui kama upo."

* * *

Dhoruba ilipopita waliona walipo: chini kabisa ya korongo, juu ya mchanga mweupe, baina ya kingo mbili zilizopanda kuliko nyumba. Jiwe lilikuwa limeingia kifuani mwa gari na kutoboa rejeta, tangi la maji ya kupozea injini. Pipa la maji la nyuma lilikuwa limepasuka, na mchanga ulikwisha kunywa kila tone. Ndani ya gari, nyuma ya kiti, lilibaki dumu moja la maji, zima, pamoja na chupa yake mshonaji.

Mguu wa mzee ulivunjika chini ya goti. Mfupa haukutoka nje, lakini mguu ulikuwa umepinda pasipostahili kupinda. Mshonaji alisimama akiutazama. Alikuwa hajawahi hata kumshika mzee huyu mkono zaidi ya salamu ya sikukuu.

"Unaona haya?" mzee aliuliza, meno yameumana.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi pia. Basi tuone haya huku tukifanya kazi."

Alivunja kreti, akapata mbao mbili. Alikata suruali ya mzee kwa mkasi wake wa maturubai, akaunyoosha mguu kwa mvuto mmoja wakati mzee akiuma mkanda wa kiti, akaufunga kwa vipande vya turubai. Kisha, ili visilegee, akatoa sindano yake iliyopinda na kuvishona.

"Taratibu, usinishone mguu na siti," mzee alisema, jasho likimdondoka kidevuni. Mshonaji alicheka, na kicheko kikamtoa machozi aliyokuwa ameyazuia.

Alimburuta hadi kwenye kivuli cha ukingo, akamnywesha, akanywa mafunda mawili. Mzee alikuwa ameshaanza kupiga hesabu.

"Tumepungukiwa," alisema. "Kwenye mchanga tairi huzunguka bure. Saa inaandika kilomita ambazo gari halijaenda. Nimepinda kabla ya kufika. Kwa hiyo kivuko kiko mbele. Fuata korongo hivi," alionyesha kwa mkono, "si mbali. Ukiona mapipa meupe, umefika kisimani."

Alijaza chupa, akafunga mtandio kichwani na usoni, akaenda. Mchanga wa korongo ulikuwa laini kama unga, kila hatua ilimrudisha nusu. Jua lilimpiga kutoka juu na kutoka chini. Alipita kona, akapita nyingine, na nyingine. Kila mara alijiambia kwamba mapipa yako nyuma ya ile inayofuata. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukawa kama kitu cha mtu mwingine. Kingo hazikulala. Zilizidi kupanda.

Chupa ilipobaki funda moja, aligeuka.

Mzee alimtazama akirudi, akaona chupa tupu. "Kesho uende mbali zaidi," alisema tu. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Hakukuwa na kesho nyingi. Mshonaji alilipima dumu kwa macho na akajua. Kambini wangewasubiri, wangedhani wamejificha dhoruba mahali, wangesubiri tena. Na hata wakiwatafuta, wangewatafuta kivukoni.

Aliketi kwenye kivuli cha gari, mgongo kwenye gurudumu. Kile kitu kizito kilichoruka juu ya paa kilikuwa tairi la akiba. Lilikuwa limeegemea gurudumu la mbele, ubavu kwa ubavu, kama mtoto kando ya mama yake. Alilitazama bila kuliwaza. Halafu akaliwaza.

Tairi la akiba lilikuwa la zamani. Fundi alikuwa hajapata la tano la ukubwa mpya, akaacha lile lile dogo, akasema litatosha kufikia kambini.

Alisimama. Alitoa futi yake ya kushonea na chaki. Alizungusha futi kwenye tairi la zamani, akatia alama, akaanza tena alipoishia. Kisha akalala kifudifudi, akachimba mchanga chini ya gurudumu jipya kwa mikono mpaka futi ikapita. Alipima mara mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya kazi yake: turubai ukilikata vibaya halirudi. Tairi jipya lilizidi la zamani kwa shibiri moja na vidole vinne.

Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa gari. Matairi mapya yakizunguka mara nane, yamekwenda ardhi ambayo yale ya zamani yangeizungukia mara tisa.

Alikaa na hesabu hiyo kwa muda. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kooni. Kilichokosekana ni mama mkwe wa kumtuma nayo.

"Baba," alisema hatimaye, akichuchumaa mbele ya mzee. "Samahani. Nina neno."

"Sema."

"Saa haioni ardhi. Inahesabu mizunguko tu. Na matairi haya ni makubwa. Yanazunguka mara chache kwa njia ile ile. Ilipoandika sabini na mbili, tulikuwa tumeshakwenda themanini na moja." Alimeza mate yasiyokuwepo. "Kivuko hakiko mbele. Tumekipita."

Mzee alikunja uso. "Mwanangu, njia hii nimeipita kabla mumeo hajaota jino."

"Najua, baba."

"Na ningekipita nisijue? Gari lenye tairi kubwa huwa zito, linalalamika mlimani, linaomba gia. Hili leo limeomba nini?"

"Halikuomba kwa sababu ya turbo, baba. Uzito ulikuwepo, turbo ikaubeba. Ndiyo maana hukuusikia."

Mzee alijipangusa uso kwa kiganja. Nzi mmoja alizunguka mguu uliofungwa. "Gia za difu je?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui. "Kila anayepandisha tairi hubadilisha na gia za difu, zile za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu. Mambo yanarudi sawa, na saa nayo inarudi sawa."

"Hazikupatikana. Alibadilisha zile za kutambaa tu, na hizo hazigusi saa. Alisema za difu atazifunga akirudi."

"Hakuniambia."

"Nadhani alijua unajua. Mimi pia nilidhani unajua." Aliinamisha macho. "Ulipofurahi kwamba tumefika mwambani mapema, kitu kilinigusa. Nikaona si mahali pangu kusema."

Alingoja kukaripiwa. Mzee alichukua kokoto, akawa anaigeuza vidoleni. "Mapema," alirudia kwa sauti ndogo. "Nikasifu mapafu." Kisha akamtazama usoni, jambo ambalo huenda hajawahi kulifanya. "Kwa hiyo kisima kiko nyuma yetu. Kilomita tisa."

"Tisa, au pungufu kidogo. Mchanga nao umekula chake, kama ulivyosema."

"Tisa kwenye mchanga huu, baada ya ulivyotembea leo." Alitikisa kichwa. "Chukua dumu, uende kabla jua halijachomoza. Mimi nitakungoja hapa."

"Bila maji?"

"Mzee hanywi sana."

"Hapana," mshonaji alisema, na akashtuka kujisikia. "Hapana, baba. Gari je? Sakafu ya korongo inafika mpaka kivukoni. Hatuhitaji kupanda popote."

"Rejeta imetobolewa."

"Niambie inavyozibwa."

Mzee alimwambia, na kulikuwa na mwanga wa kutosha wa kumalizia kazi hiyo. Alichokonoa jiwe, akanyoosha bawa la feni lililopinda, akaibana kwa koleo mirija iliyopasuka ya rejeta, mmoja mmoja, akiikunja kama anavyokunja pindo. Tundu dogo lililobaki alilijaza sabuni ya kipande, akaikandamiza kwa kitambaa. Injini ilipowashwa ilikohoa, ikatapika moshi mweusi, ikakubali. Wakaizima haraka.

"Uzima upo," mzee alisema. "Maji ndiyo hakuna." Wote wawili walilitazama dumu. Lililokuwemo lingeweza kuwafikisha kesho jioni, labda zaidi kidogo wakibana. Au lingeweza kuingia kwenye rejeta.

* * *

Kulipoanza kupambazuka alimpandisha mzee kwenye kiti cha abiria, akimsukuma kwa bega na kuomba radhi kila aliposikia akiguna. Kisha akafungua upepo wa matairi mpaka yakatandaza tumbo juu ya mchanga, mapana kama nyayo za ngamia. Gari alikuwa hajawahi kuliendesha nje ya uwanja wa gereji.

Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, dumu mikononi.

"Una hakika?" mzee aliuliza kupitia dirishani. Hakuuliza kwa kumjaribu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kujua.

"Matairi nina hakika nayo, baba. Nimeyapima mara mbili. Lakini sabini na mbili ni yako. Kama kivuko kipo pale unaposema kipo, basi tutakifikia."

"Kipo."

"Basi."

Mzee aliangalia mbele, kwenye mchanga uliokuwa ukianza kuwa wa waridi. "Mimina," alisema.

Alimimina. Sauti ya maji yakishuka ndani ya chuma ilimuuma kuliko jeraha la usoni. Alibakiza mafunda machache kwenye chupa, akaiweka mapajani mwa mzee.

"Gia ya kutambaa. Gia ya kwanza. Achia klachi kama unaweka mtoto usingizini," mzee alisema. "Sasa usilikanyage. Liache litembee lenyewe."

Alirudisha saa kwenye sufuri. Gari lilitetemeka, likajivuta, likatembea. Pale mshonaji alipokuwa akizama hadi vifundoni, matairi yaliyolegea yalipita juu. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini na kuendelea, polepole mpaka mtu angeweza kushuka na kutembea kando yake.

"Turbo isilie," mzee alimwambia. "Ukisikia filimbi, umezidisha mafuta, utalichemsha."

Walirudi kona kwa kona. Kingo zilikuwa juu kama jana. Mshonaji aligawa macho yake sehemu tatu: mchanga, saa ya kilomita, na mshale wa joto uliokuwa ukipanda taratibu. Kilomita moja. Mbili. Jua likaingia korongoni. Mahali fulani mchanga ulizidi, gari likaanza kujichimbia, mzee akapiga kelele, "Rudi! Rudi kwenye nyayo zako, kisha uje tena!" Alirudi, akaja tena, likapita. Viganja vyake viliteleza kwenye usukani.

Saa ilipoandika tano, harufu ya sabuni iliyoungua ilijaa ndani. Ilipoandika sita, mshale ulikuwa umefika kwenye nyekundu.

"Tulizime lipoe?" aliuliza.

"Likizima limezima. Twende."

Mvuke ulianza kufuka kando ya boneti. Hakuna mapipa. Kona nyingine, hakuna mapipa. Mshonaji alihisi hesabu yake yote, chaki na futi na vidole vinne, ikiyeyuka kichwani. Alikuwa amemwaga maji ya mtu mzima aliyevunjika mguu kwa sababu ya alama mlangoni.

"Wanisamehe nyumbani," alinong'ona.

"Endesha," mzee alisema. Aliweka mkono wake mkavu juu ya mkono wa mshonaji uliokuwa kwenye gia, akauacha hapo.

Saba. Na kidogo. Injini ilitoa mlio kama wa chuma kikiburutwa, gari likaruka mara moja, likafa. Mvuke ulipanda moja kwa moja angani.

Mshonaji hakulia. Alifungua mlango, akapanda kwenye boneti akiungua viganja, akapanda juu ya paa, akasimama. Mbele, korongo lilipinda kidogo kulia. Ukingo wa upande huo ulikuwa ukishuka. Ulishuka tena, ukalala, na pale ulipolala kulikuwa na alama mbili nyeupe, ndogo kama meno ya mtoto.

Aliinama, akagonga paa kwa ngumi, mara nyingi, bila mpango.

"Unaona nini?" mzee aliuliza kutoka chini.

"Mapipa!" alisema. "Yapo yote mawili!"

* * *

Alikwenda na dumu, akarudi nalo likiwa limejaa, akilibadilisha mkono kila mara, akilowesha gauni lote. Mzee alikunywa kidogo kidogo kama alivyoagizwa, akasita, akanywa tena. Maji yalimshuka kidevuni na hakuyafuta.

"Saa iliandika ngapi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Saba na kidogo."

"Kwa hesabu yako ingeandika nane."

"Nilisema tisa za ardhi, baba, au pungufu."

"Pungufu!" Mzee aliinua kidole, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu meno yote. "Mchanga umekula chake. Nilikuambia mchanga unakula."

"Uliniambia."

"Basi tumepatia wote wawili."

Alimwekea kivuli cha turubai ubavuni mwa gari, wakakaa chini yake, wakizungumza. Mzee alimsimulia alivyojifunza njia hii, na mtu aliyempoteza hapa zamani, ambaye hajawahi kumtaja hata kwa mkewe. Mshonaji alimwambia kwamba siku ya kwanza alipoingia kwao alijificha jikoni kwa sababu alikiogopa kikohozi chake. Mzee alicheka mpaka mguu ukamkumbusha.

Jua lilikuwa utosini gari la kambi lilipotokea kivukoni, wenyewe wakaona bati likimeta, likashuka korongoni kwa fujo. Fundi aliruka kabla halijasimama. Alimwona baba yake chini ya turubai, mguu umeshonwa, mkewe uso umekauka damu, na gari lake zuri limekufa na boneti wazi. Alisimama katikati, hajui amkimbilie nani kwanza.

"Baba! Ilikuwaje? Nani… mmefikaje upande huu?"

Mzee alikuwa akinywa. Hakuharakisha. Alishusha dumu, akaelekeza kwa kidevu.

"Mimi ni abiria," alisema. "Muulize dereva."

Fundi alimgeukia mkewe. Mshonaji alizoea kuinamisha macho watu wakimtazama wote kwa pamoja, na watu wa kambi sasa walikuwa wamewazunguka. Hakuyainamisha. Alikunjua miguu, akapangusa mchanga wa pembeni yake, akampa mumewe nafasi kwenye kivuli.

"Kaa," alisema. "Kunywa maji kwanza. Halafu mimi na baba tuna maneno na wewe kuhusu matairi."